Kinanda cha Mdomo Mkubwa

Mume wangu Dastani alitaka kinanda cha santuri cha kuonekana. Mimi nilitaka cha kusikika. Ugomvi wetu wote wa mwaka wa hamsini na sita ulikuwa huo, na sioni haya kuusimulia, kwa sababu haki ilikuwa yangu, karibu yote.

Sisi watu wa Newala maji yetu yalikuwa bondeni. Tuliteremka alfajiri, wanawake peke yetu, tukajaza mitungi kwenye chemchemi, kisha tukaupanda ule mlima jua likitukodolea macho. Kupanda ndiko kulikonimaliza. Kuimba hatukuimba, pumzi ya kuimbia ingetoka wapi? Nikajiambia, kama kinanda kitalia nyumbani nami nikisikie nikiwa kona ya tatu kutoka juu, miguu yangu itapata pa kukimbilia. Sikutaka zaidi ya hapo. Nilipomwambia Dastani alicheka, lakini fedha ilikuwa ya mikorosho tuliyoipalilia wote wawili, kwa hiyo lori la Masasi tulilipanda wote wawili.

Dukani kwa Baba Stamili vilikuwapo vinanda viwili. Kimoja kilikuwa cha kisanduku, chenye ngozi nyekundu na kufuli inayong'aa. Dastani ni fundi cherehani, hupenda kitu kilichoshonwa vizuri. Alikipapasa hadi nikaona wivu. Cha pili kilikuwa kizee chenye mdomo mkubwa wa bati, umebonyea ubavuni, rangi imebanduka. Nikamwomba Baba Stamili avipige kimoja kimoja, nami nitembee barabarani mpaka nisisikie tena. Alinitazama mimi, akamtazama mume wangu, kisha akaweka santuri.

Cha kisanduku kilipotea kabla sijamfikia muuza mihogo. Cha mdomo mkubwa kilinifuata hadi chini ya majabali ya Masasi, na hata pale kilikuwa bado kinanguruma. Nikarudi nikasema ni hicho. Dastani akauliza kama kweli nataka wageni waje wakione kitu kile barazani kwetu. Nikamjibu kwamba wageni watafumba macho. Njia nzima ya kurudi alikipakata kinanda magotini, uso kaugeuzia porini.

Kesho yake niliteremka na wenzangu, nikiwa nimekwisha kuwatangazia kila kitu. Wakati wa kupanda, kona ya tatu, tukasimama kusikiliza. Kimya. Kona ya pili, kimya. Rafiki yangu wa njia ya maji, Pili, akaniuliza kwa upole kama kinanda changu huchelewa kuamka. Walicheka mpaka maji yakawamwagikia. Mimi nilikuja kukisikia nilipofika kwenye mikorosho yetu, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Dastani alikuwa amekitia ufunguo tangu jua linachomoza, hata kiganja kimemchubuka. Hapo ndipo akili iliponijia. Masasi kuna majabali, sauti inagonga mwamba na kurudi. Kwetu ni mchanga na vichaka. Ukisema neno, mchanga unalinywa. Kumbe nilikuwa nimepima mawe. Nikakaa chini nikamwambia mume wangu kwamba nimekosea, akirudishe, akachukue kile chekundu chake. Iliniuma kusema hivyo. Yeye alijipaka mafuta kiganjani.

Asubuhi iliyofuata, kona ya tatu, nimeyakwepa macho ya Pili, nikasikia tarumbeta. Kisha sauti ya mwanamume anayeimba, safi kabisa. Tukasimama sote. Miguu ilianza kwenda yenyewe.

Ukingoni mwa mlima, mahali ambapo mwanamume wa kwetu hafiki ila akipotelewa na mbuzi, alikaa Dastani amevaa shati lake la kanisani. Mdomo wa bati ameuelekeza bondeni. Kinanda alikuwa amekibeba kichwani toka nyumbani, na majirani wote wamemwona. Wenzangu wakamwamkia mmoja mmoja, "Shikamoo, Baba Scholastika," na hapana aliyecheka.

"Ulisema kona ya tatu," akaniambia. "Mimi siijui. Nikaona nije mahali nitakapoiona."

Nikamwonyesha. Aliitazama kitambo kirefu, akaitazama na njia inayoendelea chini yake mpaka inapopotelea. Kisha akautazama mtungi uliokuwa kichwani mwangu.

"Mama Scholastika," akasema, "kumbe ni mbali hivi."

Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga, nikaona aibu mbele ya wenzangu. Basi nikamwambia Pili anitue mtungi, tukamtwika Dastani. Nyumbani palikuwa bado mbali. Alikwenda mbele yetu, shingo imekakamaa, shati la kanisani linalowa mabegani, na Pili akimhesabia matone kwa sauti. Mimi nilifuata na kinanda. Kilikuwa chepesi sana.