Spika Zilizozeeka Ghafla

Kitu cha kwanza alichokiona ni upindo wa suruali ya kaka yake. Kila kaka alipokwangua nyuzi za gitaa, upindo ule ulitikisika kama pazia la mlangoni, kisha ukatulia. Kwingine kote kaka hakutikisika. Shati lilitulia, nywele zilitulia, na masikio, yaliyokuwa huko juu karibu na dari, yalionekana hayajapata habari yoyote.

Binti aliyaona haya kwa sababu alikuwa amekaa chini. Kazi yake katika karakana ya baba mdogo ilikuwa kufungua skrubu nane za kila spika, kuitoa kwenye boksi, kuchomelea nyaya za spika nyingine kwa risasi ya kuyeyusha, na kufunga tena. Boksi la gitaa hukaa sakafuni, kwa hiyo na fundi wake hukaa kwenye kigoda. Kwa miaka minne aliyofanya kazi pale alikuwa amewajua wateja wengi kwa viatu vyao.

Kaka yake alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi iliyopiga kila Jumapili alasiri kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko. Miaka yote wapigaji walikaa kwenye viti. Kisha akaja kiongozi mpya, akawashonea mashati ya rangi moja, akasema bendi iliyokaa inafanana na watu wanaomsubiri daktari. Kuanzia siku hiyo wote wakasimama. Na kuanzia siku hiyohiyo, spika za kaka zikazeeka.

"Zimekufa," kaka alimwambia baba mdogo. "Jumapili ile nyingine zilikuwa hai, juzi zimekufa. Sijisikii kabisa, kama nimefunikwa blanketi."

"Spika haikohoi kwanza," alisema baba mdogo. "Inaondoka tu."

Baba mdogo alikuwa akitengeneza spika tangu enzi zile ambazo yeye mwenyewe alikuwa na nywele. Alikuwa na desturi yake ya kuchagua, na hakuna mteja aliyewahi kuivunja. Mteja alisimama mbele ya boksi akapiga. Baba mdogo alisimama kando yake, amekunja mikono, amefumba jicho moja. Wakimaliza, walitazamana. Baba mdogo akisema "ina chumvi," spika ilikuwa nzuri. Akisema "ina maji," ilirudi rafuni. Kule chini kwenye kigoda hakuulizwa mtu.

Siku ile alisema za zamani zina maji. Binti akazitoa, akazifuta vumbi, akaziweka rafu ya juu. Karatasi zake za mbele, zinazotetema kutoa sauti, zilikuwa za kahawia, zimelainika kidogo pembeni, wala hazikuwa na tundu hata moja. Mahali pake akafunga mbili nyingine zenye sumaku kubwa kama sahani.

Kaka akapiga. Sauti ilimwingia binti sikio la kushoto ikatokea la kulia, na njiani haikuomba radhi.

"Afadhali," alisema kaka huko juu. "Ila bado kidogo."

"Ina chumvi," alisema baba mdogo.

Binti akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa hivyo tangu shuleni, ambako aliishia darasa la tano bila mwalimu yeyote kuwa na uhakika wa sauti yake. Lakini alichokijua alikijua. Sauti ya gitaa hutoka kwenye spika kama mwanga wa tochi: aliye mbele yake humulikwa machoni, aliye juu yake hubaki gizani. Kaka alipokuwa akikaa, tochi ilimfikia. Aliposimama, ikawa inamulika magoti, na magoti hayana masikio. Jukwaa la ukumbi ule nalo, kwa masimulizi ya kaka, lilikuwa hatua moja tu kutoka chini, na mbele ya magoti hayo kulikuwa na meza, na kwenye meza kulikuwa na watu waliokaa, vichwa vyao vikiwa palepale tochi inapoelekea.

Jumapili hiyo meza ya mbele ilisogea nyuma hatua mbili. Kaka akafikiri hawamsikii. Akarudi kutafuta spika kali zaidi.

Jumapili iliyofuata meza ilisogea hadi kwenye nguzo. Akarudi tena. Safari ya tatu meza ilifika mlangoni, na waliokaa hapo wakaonekana wameridhika na upepo. Ndipo kiongozi wa bendi akamwita kaka pembeni.

"Jumapili hii nakupa ya mwisho," alimwambia. "Watu wakihama tena, kuna mpigaji mwingine yuko tayari."

Mpigaji huyo alikuwa ameshapimwa shati.

Kaka aliyasimulia haya karakanani siku ya Alhamisi, akiwa amebeba gitaa mgongoni kama mtoto mgonjwa. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuwahi kuitafuta. Akitolewa kwenye bendi angebaki mtu mwenye gitaa tu, na watu wenye gitaa tu wako wengi.

"Tatizo hawanisikii," alisema. "Mtu hahami mahali anaposikia."

"Hiyo ni kweli kabisa," alisema baba mdogo, ambaye hakuwahi kufika ukumbini.

Binti alijaribu njia zote ambazo hazihitaji maneno. Kwanza alilipandisha boksi juu ya meza, akajifanya anafagia chini yake. Baba mdogo akalishusha. "Boksi la gitaa ni kama kuku," alisema, "ukilikuta juu ujue kuna jambo." Kisha alichomeka kipande cha tofali chini ya ukingo wa mbele ili boksi liangalie juu. Kaka akajikwaa kwenye tofali hilo, akauliza ni nani adui yake, akalitupa nje. Mwisho alijaza pamba masikioni, nyingi, ikaning'inia pande zote mbili kama hereni.

"Masikio yanakuuma, mdogo wangu?" aliuliza kaka.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Pole. Kesho nenda zahanati."

Siku hiyo walifunga spika kali kuliko zote zilizokuwa karakanani. Zilikuwa zimetolewa kwenye vipaza sauti vya matangazo vya mtu aliyeacha kutangaza. Kaka alipiga mara moja tu, na mama mshonaji, ambaye walitenganishwa naye kwa ukuta mmoja, akaja na futi yake shingoni.

"Jamani, huyo mnayemchinja humo ndani mmalizeni haraka. Sindano yangu imekatika."

"Unaona?" kaka alimwambia baba mdogo. "Imefika kwake."

"Imefika, mwanangu, imefika. Ila ngoma ikilia sana hupasuka." Mama mshonaji akamtazama binti pale chini. "Na wewe unaishije humu?"

Lilikuwa swali zuri. Binti akatabasamu, akarudi kwenye skrubu zake.

"Ina chumvi," alisema baba mdogo baada ya kufikiri.

"Bado kidogo," alisema kaka, "lakini basi. Nitakuja Jumamosi kulichukua."

Ijumaa baba mdogo alikwenda kufunga spika kwenye ofisi moja. Binti akabaki peke yake na boksi. Alilitazama muda mrefu. Kisha akavuta ngazi, akashusha zile spika za zamani, za karatasi za kahawia. Kila moja aliigusisha betri ndogo kwenye nyaya zake, akaona karatasi inaruka mbele kama inavyotakiwa, zote mbili upande mmoja. Akazichomelea, akafunga skrubu kwa kupishana, akafuta boksi. Zile za matangazo akazificha nyuma ya mlango. Alijiambia hili ndilo jambo zuri la kufanya bila maneno: kaka atalichukua boksi, atapiga, watu hawatahama, na hakuna atakayejua.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja. Kaka alikuja Jumamosi akataka kulijaribu.

Alisimama, akapiga, akasimamisha mkono hewani.

"Nani kanirudishia blanketi?"

Baba mdogo akamtazama kaka, akazungukia boksi, akachungulia nyuma. Akaona karatasi za kahawia. Kisha wote wawili wakatazama chini, kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza katika miaka minne.

"Ni wewe?" aliuliza kaka. "Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho, na wewe unanifanyia hivi? Mtoto wa mama yangu?"

Binti akahisi masikio yanawaka. Angeweza kulia, na kilio kingemtosha kwa jibu, maana watu huwahurumia wanaolia na hawaulizi zaidi. Lakini kaka angebaki na spika zile za matangazo, na kesho jioni angekuwa mtu mwenye gitaa tu.

Akanyanyuka kutoka kwenye kigoda.

"Kaa chini, kaka."

"Nini?"

"Kaa hapa." Sauti ilikuwa ndogo na ya kukwaruza, kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Baba mdogo apige."

Baba mdogo alijua chodi tatu za kubana nyuzi, mbili kati yake zikifanana. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba apige, alilichukua gitaa upesi kabla hawajabadili mawazo. Kaka akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfikia kidevuni. Baba mdogo akapiga.

Kaka akageuza shingo taratibu kuelekea kwenye boksi.

"Rudia."

Baba mdogo akarudia, kwa furaha.

"Sasa subirini," alisema binti. Akazitoa spika za matangazo nyuma ya mlango, akafungua skrubu kumi na sita, akachomelea, akafunga. Kaka aliendelea kukaa kama mtu aliyeambiwa asiguse rangi mbichi. "Tayari, baba mdogo."

Baba mdogo akapiga ile chodi ya kwanza. Kaka akaruka kutoka kwenye kigoda, mikono masikioni, na upande wa pili wa ukuta kitu kikaanguka.

"Nisameheni!" ilisikika sauti ya mama mshonaji, ingawa kosa halikuwa lake.

Kaka akasimama katikati ya karakana. "Hivi ndivyo wanavyonisikia?"

"Ndiyo. Hizi tu ndizo hawajazisikia."

"Jumapili tatu?"

"Ya kwanza haikuwa mbaya sana."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Kaka akamgeukia baba mdogo. "Na wewe, miaka yote, unachagua spika ukiwa huko juu?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema baba mdogo kwa heshima, bila kueleza ni sikio la nani. Akaketi kwenye kigoda mwenyewe, akakitikisa kidogo, akajaribu urefu wake. "Binti, nipigie na mimi nisikie." Binti akasema hajui kupiga gitaa. "Si neno. Kwangua tu."

Jumapili wakalipeleka boksi ukumbini likiwa na spika zake za zamani. Kiti alichokuwa akikalia kaka kabla ya mambo ya kusimama kilikuwa bado kipo nyuma ya jukwaa. Binti akaliweka boksi juu ya kiti hicho, akalilaza kidogo kwa nyuma mpaka likamtazama kaka kifuani. Hakuwa amewahi kuja ukumbini. Watu walikuwa wengi. Akakaa kwenye meza ya mbele, iliyokuwa imerudishwa mahali pake lakini tupu, kwa sababu zinazojulikana. Pembeni alikaa yule mpigaji mwingine, amevaa shati la bendi, gitaa magotini.

Kaka akapiga wimbo wa kwanza akiwa na uso wa mtu aliyekutana na rafiki njiani. Alijisikia. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe, akapunguza sauti. Wimbo wa pili, wale wa mlangoni wakageuza vichwa. Katika wa tano, mzee mmoja na mkewe wakabeba viti vyao mpaka kwenye meza ya binti, wakamwuliza kama kuna mtu amekaa hapo. Akatikisa kichwa kukataa. Wakakaa. Kisha wakaja wengine.

Walipomaliza, kiongozi alipita kando ya jukwaa. "Wewe unabaki," alimwambia kaka, akaenda zake. Yule mpigaji mwingine akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti.

Kaka akashuka, jasho likimtiririka, akasimama mbele ya dada yake. Alikuwa amezoea kumwuliza maswali bila kungoja jibu, kama mtu anavyoongea na mlango.

"Ilikuwaje, mdogo wangu?"

"Spika ziko sawa," alisema binti. "Ila ule wimbo wa tatu, kaka, pale kabla ya kiitikio, kidole chako cha pete kinachelewa. Kilianza kuchelewa mwaka juzi."