Moshi wa Haboba Asiya

Daktari Stella Kiden alikuja mji wa Koboko na kipaza sauti, na hapo ndipo alipoharibu mambo. "Wanawake waliopona saratani ya titi wasimame," alisema mbele ya ukumbi uliojaa watu. Nani angesimama? Wakwe walikuwepo, mashemeji walikuwepo. Rashida alikuwa kiti cha mbele, titi moja la nyama na jingine la pamba, akavitazama viatu vyake kana kwamba amevinunua jana.

Baada ya mkutano nafsi ilimsuta. Saratani ilimchukua mama yake, ikamchukua dada yake, ikamwacha yeye kwa bahati, na sasa binti yake Kadijah alikuwa anaanza kuota matiti. Watafiti wa Arua, wenzake daktari, walikuwa wanatafuta chanjo ya kumlinda mtoto kama huyo. Walihitaji damu ya waliopona, na wasipoipata mwezi ule kazi ingehamishiwa kwingine. Rashida akamfuata daktari kwenye nyumba ya wageni.

"Dokta, wewe ulitafuta sisi pahali mbaya," alimwambia. "Wanawake ya hapa wanavua nguo pahali moja tu."

Pahali penyewe palikuwa uani kwa Haboba Asiya, mama mkwe wake. Haboba ni bibi kwa Wanubi, na Asiya alikuwa haboba wa mtaa mzima. Kulikuwa na shimo la makaa na miti ya harufu. Wanawake walikaa juu yake wamejifunika blanketi, moshi ukawapanda mwilini, wakatoka ngozi inang'aa na kunukia. Wanaume hawakukanyaga. Tangu apasuliwe, Rashida naye hakukanyaga. Mama mkwe alikuwa na ulimi mkali, na ukoo mzima uliambiwa Rashida alikwenda Kampala kupasuliwa tumbo.

Alhamisi alasiri alimwingiza daktari uani. Rashida akafungua fundo la kitenge chake. Aliposimama kifua wazi, wanawake wote walimgeukia.

"Ni kansa. Walikata, na mimi iko hapa," alisema. "Dokta anataka damu, ya kutengeneza dawa ya kukinga watoto yetu."

Haboba Asiya alimtazama, kisha akateremsha blanketi lake. Upande wa kushoto palikuwa na kovu pana la zamani, limefifia hadi kukaribia rangi ya ngozi.

"Walikata mimi hospitali ya Yei," alisema. "Wakati ya vita, tulikimbilia huko Sudan. Mutu aliyejua ni mume yangu tu, na yeye alikufa."

Rashida alisahau kujifunika. Miaka yote hiyo wamekula sinia moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile! Alilia, akacheka. Mwanamke mwingine akainuka kwenye moshi, akafungua blanketi. Kisha mwingine. Daktari Kiden, aliyekuwa na maneno mengi kule ukumbini, alikaa chini, akaanza kuwatoa damu mmoja mmoja.

Miezi michache baadaye daktari aliwaita Rashida na Asiya maabara ya Arua, akawaonyesha skrini. "Hawa ni askari wa damu yako, Haboba. Nimewaletea chembe ya saratani." Chembe ndogo za Asiya zilikuwa zimeizunguka chembe moja kubwa, zinaisonga kila upande. "Miaka yote hii, bado wanamjua adui. Tukigundua wanamjua kwa alama gani, tutajua chanjo ifundishe nini."

Mwili ulimsisimka Rashida. Kikongwe huyu, mjane wa mwanajeshi, alilala, alisuka mikeka, aligombana na majirani, na muda wote huo jeshi lilikuwa zamu ndani yake. Rashida alinong'ona Subhanallah, na hakuweza kuondoa macho.

"Sasa peana hiyo kwa Kadijah," alisema Asiya.

"Bado, Haboba. Chanjo ni kazi ya miaka. Ila damu zenu zinatupunguzia safari."

"Zinapunguza?"

"Zinapunguza sana."

Asiya alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa gauni. "Basi unangoja nini? Toa ingine."