Sauti Zilizobaki Nje ya DVD

Wivine alitunza kompyuta ya redio ndogo mjini Kolwezi. Alipobana mfumo wake wa Linux ili aunakili kwenye DVD za akiba, aliacha mahojiano yote, kwa kuwa yangejaza diski nyingi naye alikuwa amechoka. Baadaye umeme uliokuwa umekatika ulirudi kwa nguvu ukaiunguza kompyuta. DVD zilirudisha kila kitu, isipokuwa mahojiano.

Mama Badibanga akaja kuomba sauti ya mwanawe Merdi, mchimbaji aliyehojiwa kabla ya kufa kwa kufukiwa shimoni mgodini.

“Haiko, mama. Mi njo niliiacha, juu ya uvivu,” Wivine akakiri kosa lake.

Mama akauliza, “Ulimusikia? Alisema nini?”

“Alicheka. Alisema majani ya sombe unayomupikia yanamupa nguvu.”

“Sema tena.”

Wivine akarudia, akiogopa kuongeza hata neno moja.