Mwenye Nyayo

Nthenya aliinama juu ya mchanga wa mto mkavu, akaweka vidole viwili ndani ya alama ya kwato. Ilikuwa ya jana. Kingo zake zilikuwa zimeanza kubomoka. Ya yule mbuzi jike mweupe mwenye kwato ndefu za mbele, aliyenunuliwa Kanyangi. Hapo hakuwa na shaka. Kilichomtia wasiwasi ni nyayo za mtu aliyemfuata mbuzi huyo kwa nyuma, miguu mitupu.

"Kumbe umeibwa," alimwambia mbuzi ambaye hakuwepo.

Kwa miaka kumi na mmoja Nthenya alikuwa akikusanya mbuzi vijijini na kuwaswaga hadi Mutomo, kwenye zizi la Aftin, mfanyabiashara wa mifugo. Watu wa njia hiyo walimjua kwa mambo mawili: kwamba hajawahi kupoteza mnyama, na kwamba anasoma mchanga kama wengine wanavyosoma Biblia, polepole na kwa kuamini. Sasa lile la kwanza lilikuwa limekwisha. Jana jioni mbuzi mweupe alijitenga na kundi, na Nthenya alipotaka kumkimbilia, goti la kushoto likakataa. Alijikokota nyuma yake kidogo, kisha akamwona akipotea vichakani huku yeye amesimama, amejishika kiuno, kama mtu anayemuaga mgeni.

Goti hilo lilikuwa likimsumbua mwaka wa pili huu. Liliita nyonga, nyonga ikaita kiuno. Alilichua, alilifunga kitambaa, aliliombea kanisani mbele ya watu wote. Alipofikisha kundi usiku likiwa na pengo la mbuzi mmoja, Aftin hakumgombeza, na hilo ndilo lililouma. Alisema tu, "Mama Wayua, siku ya soko nitatuma dereva Ben na pikapu. Wewe pumzika kidogo."

Nthenya alilijua neno hilo. Mtu wa mshahara akiambiwa apumzike, anapumzika. Kibarua akiambiwa apumzike, amefutwa kazi kwa adabu. Na soko lilikuwa kesho kutwa.

Kwa hiyo asubuhi hii alikuwa mtoni, akizifuata nyayo, na alivyokuwa akizifuata ndivyo alivyomsoma mwizi wake. Mzee, alijiambia. Mguu wa kulia ulikuwa mzima: kisigino, halafu pengo dogo katikati pale wayo unapoinuka, halafu vidole. Wa kushoto haukuwa na pengo lolote. Ulilala wote mchangani, umezama zaidi upande wa ndani, na vidole vimetazama nje. Mguu unaoanguka ndani namna hiyo lazima uvute goti, na mwenye goti hilo hawezi kuwa na mgongo mzuri. Mbuzi wa hivi ungemkataa sokoni kabla hujamfungua mdomo uone meno.

"Hutafika mbali, mzee," alisema, na kwa kweli alimwonea huruma.

Nyayo zilimfikisha kwenye jiwe bapa ukingoni. Hapo mwizi alikuwa ameketi. Kando ya jiwe kulikuwa na kijikopo cha dawa ya kuchua, kifuniko chake kimefungwa kwa uzi wa kijani.

Uzi ule aliufunga yeye mwenyewe.

Ndipo alipokumbuka. Jana akala, vile viatu vyake vya tairi, zilimkata, akazivua na kuzibeba mkononi, akajikokota hivyo nyuma ya mbuzi, kisha akaja kuketi hapa ajichue kabla ya kuvuka. Nyayo za mbuzi wote wa Aftin alizijua, na za Ben, na za mbwa wa jirani. Zake hakuwahi kuziona. Mwenye kuswaga mbuzi hutazama mbele, na anayoyaacha nyuma hayana wa kuyatazama. Aliketi palepale pa jana, akacheka, kisha kicheko kikamgeuka na akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mzee. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Alikaa pale akilifikiria jambo moja ambalo lilimtia aibu. Mbuzi akiota kwato upande, hutembea amepinda, na baada ya muda bega linavimba. Kuna wajinga wanaopaka bega mafuta. Yeye hakupaka bega hata siku moja. Alitoa kisu, akapunguza kwato, na mbuzi akanyooka. Halafu kwa miaka miwili amekuwa akilichua goti.

Alimkuta mbuzi mweupe hatua chache juu ya ukingo, anakula maganda ya mgunga bila habari na mtu. Akamfunga leso shingoni, wakarudi taratibu.

Aftin alikuwa akimimina maji kwenye hori, mgongo wake kwa lango.

"Umemleta, Mama Wayua," alisema bila kugeuka.

"Umejuaje ni mimi?"

"Hiyo mguu yako ya kuburuta. Naisikia toka kwa barabara."

Nthenya akamfungua mbuzi. "Aftin, nataka kitu moja. Nitembee hapa, uniangalie vile unaangalia mbuzi ukinunua."

Aftin aliweka mtungi chini. Alitazama mbuzi, akatazama mbingu. "Mimi niangalie miguu ya mama ya watu? Hapana, walahi." Akamwita mkewe, Hani, kisha akageukia ua wa miiba, mgongo kwa lango, na kubaki hivyo.

Hani, aliyekulia kwenye ngamia na asiyekuwa na subira na mnyama mbovu, alitoka na kikombe chake cha chai. Nthenya alivua akala, akapandisha rinda hadi magotini, akatembea kutoka hori hadi lango na kurudi.

"Tena," Hani alisema. Akanywa chai. "Ni ya kushoto. Hapa kwa kifundo inaanguka ndani. Goti inaenda na yeye, halafu bega ya huku inashuka. Hata kichwa unabeba upande. Ungekuwa ngamia, baba yangu hangekununua."

"Na hii goti?"

"Goti imefanya nini? Goti inafuata tu."

Nthenya alitoa kisu chake cha kwato. Kutoka kwenye akala kuukuu iliyokuwa ikizibia mwanya wa ua, alikata kipande cha tairi, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, akakiweka ndani ya akala ya kushoto, chini ya ule upande unaolala. Kilikuwa kinene mno. Kifundo kikaangukia nje. Akakipunguza. Hani aliweka kikombe chini, akachuchumaa nyuma yake, akakitazama kisigino kwa muda mrefu.

"Sasa imesimama," alisema. "Lakini uende hospitali, waone vizuri. Hii ni ya kushikilia tu."

"Nitaenda. Soko ikiisha."

Kwa upande wa miiba, Aftin alikohoa. "Sasa tembea, Mama Wayua, tusikie."

Nthenya akatembea. Goti bado liliuma, lakini lilibaki na maumivu yake lenyewe, halikuita nyonga. Alipita hori, akapita katikati ya mbuzi wa soko, akakanyaga kila hatua kama mtu anayekagua daraja.

Aftin alingoja. Akangoja tena.

"Mama Wayua," alisema mwishowe, "mbona hutembei?"

Nthenya alikuwa hatua mbili nyuma ya mgongo wake, mkono kwenye komeo la lango, na mbuzi mweupe alikuwa akinusa akala yake ya kushoto.