Nyumba ya Shangazi na Folda ya Bosi

Kila Ijumaa saa nne, akishamaliza chai, bosi wa ofisi ya ardhi alifungua laptopu, akarekebisha neno moja kwenye salamu zake za tovuti, halafu akapandisha folda nzima kwenye seva ya tovuti. Si faili moja. Folda nzima, nakala aliyojichukulia mwaka jana. Chochote ambacho wenzake walikuwa wameongeza tangu hapo kilifunikwa.

Saa nne na dakika tano, nyumba ya shangazi yake fundi wa tovuti wa ofisi hiyo iliondoka. Ilijengwa mwaka huu, na kwenye nakala ya bosi pale palikuwa kiwanja kitupu; na kilichofutwa kwenye tovuti kilifutika na ardhini. Zilianza kuta, likafuata bati. Shangazi alibaki kwenye kigoda, mwiko mkononi, jua usoni. Watu walipita, wakamsalimia.

"Leo tena?"

"Leo tena. Na maharage yalikuwa yashaiva, wallahi."

Kila Jumatatu fundi aliuandika upya ukurasa wa nyumba hiyo, kwa kukumbuka tu, na nyumba ikarudi. Ila ilirudi pungufu. Mara ya pili haikuwa na mlango wa nyuma. Mara ya nne haikuwa na chumba cha kulala.

"Mwanangu," shangazi alisema, "siku ikiondoka nikiwa nimelala ndani, itarudi bila mimi."

Fundi akaenda kwa bosi.

"Bosi, kabla hujapandisha, shusha kwanza kilichoko kwenye seva. Linganisha. Kisha pandisha ulichobadilisha wewe tu."

"Binti, nakala yangu ni ya bosi. Yako ni ya nani?"

Fundi akarudi mezani kwake. Mtu akikataa kufundishika, unaifundisha mashine. Kwanza alitafuta kwenye nakala za akiba za seva, akaurudisha ukurasa wa shangazi kama ulivyokuwa mwanzo, chumba cha kulala na mlango wa nyuma vikiwemo. Halafu akaiambia seva: faili likija, angalia. Kama la hapa limebadilishwa baada ya nakala hiyo kuchukuliwa, na mletaji hajaligusa, lisifunikwe.

Ijumaa, saa nne, bosi alibonyeza. Fundi alikuwa na simu sikioni.

"Shangazi, uko wapi?"

"Jikoni."

Dakika tano. Dakika sita.

"Na sasa?"

"Jikoni, nimekwambia! Nimeegemea ukuta. Unataka niuume ndiyo uamini?"

Fundi alipanda juu ya kiti akapiga kigelegele. Ofisi nzima ikaitikia, hadi mlinzi wa getini. Mafaili mia mbili na kumi yalikuwa yamerudishwa mlangoni mwa seva. Lilipita moja tu, la salamu.

Bosi alidhani wanashangilia salamu zake. Akasimama, akawapungia mkono, akaahidi kuziboresha kila wiki. Bado anapandisha folda nzima, na hakuna aliyemwambia kitu.

Shangazi alinunua mapazia.