Waliorudi Bila Sindano

Nilimfukuzisha kazi mtu aliyekuwa akiwatibu wazazi wangu, tena nikapata alama nyingi kwa kazi hiyo. Ninalisema hili mapema ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati.

Mwaka wa 1972 nilikuwa Nairobi nikisomea usimamizi wa dawa. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchunguza zahanati moja, aone dawa zinavyoagizwa na zinavyowafikia wagonjwa. Nilichagua ya kwetu, nje ya Eldoret, njia ya Moiben, kwa sababu moja tu: ningelala nyumbani na kula chakula cha mama. Wazazi wangu walihamia huko kutoka Murang'a, wakajiunga na kampuni ya kununua shamba pamoja na familia mia tatu. Mzungu aliyeuza alikuwa ameishi pale na mke wake na vibarua wachache. Sisi tulijaa hadi ndani ya maghala yake, lakini dawa ziliendelea kuja kwa kipimo kilekile cha zamani.

Zahanati iliendeshwa na Mzee Kimeli, mwenyeji wa huko, mtu mfupi asiye na haraka.

"Karibu, msichana yetu," aliniambia. "Kitabu ndio hii, kabati ndio ile. Ukiona kitu huelewi, uliza."

Sikuuliza kitu. Nilikuwa na fomu zangu kutoka chuoni na kiburi cha kutosha familia nzima.

Nilinakili majina ishirini ya watu ambao kitabu kilisema wamedungwa penisilini mwezi wa Mei, nikawafuata mashambani kwao. Wa kwanza alikuwa Muthoni, jirani yetu. Alishangaa hadi akaweka jembe chini.

"Sindano gani? Nilifika na mtoto, Daktari akasema dawa imeisha. Akaandika jina yetu tu, tukarudi."

Kati ya wale ishirini, kumi na mmoja walinijibu vivyo hivyo. Damu ilinichemka. Hawa walikuwa watu wetu, wageni kwenye nchi ya wenyewe, na mimi nikaona moja kwa moja kwamba mwenyeji anawaibia: anawaandika wamepata, kisha anauza dawa kwingine. Niliandika hivyo kwa wino mweusi. Nilijiona shujaa, Mungu anisamehe.

Ripoti yangu ilipanda ngazi haraka kuliko nilivyotarajia. Mzee Kimeli akafukuzwa. Kwa vile wagonjwa wengi sasa walionekana kuwa wa uongo, mgao wa dawa ukapunguzwa kwa nusu. Akaletwa kijana nadhifu, Stephen, ambaye aliandika wale tu waliopata dawa.

Mwaka uliofuata, darasani, mwalimu wetu Aloo alichora kabati tupu ubaoni. Akasema dawa ikiisha tarehe kumi na tano, kitabu cha zahanati huonyesha wagonjwa wa nusu mwezi tu. Anayegawa dawa huamini kwamba waliobaki ni wazima, kisha hupunguza mgao unaofuata. Lazima awahesabu na wale waliorudi mikono mitupu.

Jioni ile nilitoa makaratasi yangu ya Moiben, nikafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne angeanza nayo: nililinganisha sindano zilizoandikwa na chupa zilizofika. Zilizoandikwa zilikuwa maradufu ya zilizofika. Mzee hangeweza kuuza dawa ambayo haikuwahi kuletwa. Aliwaandika watu aliowakosesha, ili mwezi ujao wasikose tena.

Ningeweza kuandika barua ya kuisahihisha ripoti siku hiyohiyo. Sikuandika. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu, na ile ripoti ndiyo iliyonipa jina chuoni. Nilijiambia nitairekebisha nikishapata cheti.

Julai, baridi ilipokaza, mama alishikwa na kichomi. Baba alimpeleka zahanati Jumatatu, Stephen akasema penisilini imeisha. Alhamisi wakarudi, jibu likawa lilelile. Kufikia wakati baba anapata gari la kuwapeleka mjini Eldoret, mama hakuwa akitambua mtu. Tulimzika Jumanne, kwenye ekari zetu mpya.

Baada ya mazishi nilienda kwa Mzee Kimeli. Nilimkuta akikamua ng'ombe. Sikuzunguka, nilimweleza yote nikiwa nimesimama pale kwenye matope, ripoti, hesabu, na barua ambayo sikuiandika. Nililia. Nilitaka anitukane, ingenisaidia.

Hakunitukana. Aliendelea kukamua mpaka maziwa yakaisha, akasogeza ndoo, akanitazama usoni.

"Ungeniuliza tu," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Pole kwa mama. Alikuwa mtu mzuri, hakuna siku alipita hapa bila kutusalimia." Akaifunika ndoo. "Alienda dispensari mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na huyo kijana hakuandika?"

"Hakuandika."

Mzee Kimeli alitikisa kichwa. "Mimi ningemwandika mara mbili," alisema.