Kipimo cha Tunu

Mwajabu hakuja kulala. Amekuja kumtazama binti yake Tunu akijiandikisha jeshini, na tangu asubuhi amekaa nje ya uzio wa uwanja, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kwa mazoea ya fundi cherehani, macho kwenye foleni ya vijana walioandikwa namba mikononi kwa kalamu ya wino. Jua la saa sita linamwelemea, anasema nafumba macho kidogo tu, na uzio anaouegemea unafunguka kama pazia la mlango.

Anaingia. Foleni ni ileile ila imekuwa barabara, inapanda, inapinda, inarudi ilikotoka, na kila mgongo ni mgongo wa Tunu. Anamshika bega wa kwanza, anageuka, hana uso. Wa pili hana. Mwajabu harudi, maana kuna jambo linamchoma. Jana Tunu alikuwa amelala mkekani, naye, akitaka kumshonea gauni la kuagia bila mwenyewe kujua, akampima palepale usingizini, mabega, kiuno, urefu. Fundi gani huyo! Mtu hapimwi amelala. Aliyelala anapimwa sanda. Somo yake aliyemfundisha kazi angemzaba kofi. Alikumbuka mwiko huo futi ikiwa imeshafika nyayoni. Sasa anataka kitu kimoja tu, amkute mwanawe amesimama, ampime upya, kosa lifutike.

Pembeni yake anatembea mtu mwenye kofia ya jeshi, na chini ya kofia uso ni laini kama kitako cha bakuli. Afande, namtafuta binti yangu. Wote hawa ni binti wa mtu, mama. Wangu anaitwa Tunu. Huku majina yanavuliwa mlangoni, pamoja na viatu. Basi yuko wapi, baba, nihurumie. Yuko palepale ulipomwacha na futi yako.

Barabara inaingia mjini, na mji ni mtaa mmoja unaojitazama, kulia cherehani, kushoto cherehani, na kwenye kila kibaraza ameketi Mwajabu mwingine akishona kitambaa cheupe kisicho na mfuko wala kifungo. Nani kawaagiza, anawauliza. Wewe, wanajibu bila kuinua vichwa, vipimo umeleta mwenyewe. Hasira inampanda, hasira ya mama, haina adabu. Anampokonya wa karibu kitambaa, anafumua, anakata nyuzi kwa meno, na kila anapofumua upande huu, upande wa pili unajishona. Anaishika futi ahakikishe vipimo, namba zote zimefutika. Mwiteni asimame, anapiga kelele, mwanangu asimame! Yule wa kofia anainama sikioni kwake. Ataitwa, mama. Omba aitike.

Mama. Mama, amka, nimepita!

Ni Tunu, ana uso wake wote, jasho linamtiririka, anacheka. Mwajabu anamkumbatia mpaka mtoto anaguna. Nimeogopa, mwanangu, nimeogopa sana. Mama nawe, jeshi si kaburi. Najua, najua, hebu simama hapo nikupime, nina gauni lako. Saa hizi? Saa hizi hizi. Mwajabu anatema uzi mweupe uliokuwa kati ya meno yake. Fundi hakosi uzi mdomoni, anajiambia, na anaivua futi shingoni haraka bila kuzitazama namba zake.

Akigeuka, Tunu ameshajilaza kwenye nyasi, miguu pamoja, kanga ya mama yake ameivuta mpaka usoni kukinga jua. Nimesimama tangu alfajiri, mama, miguu haina kazi. Nipime hivihivi.

Hapana. Inuka, Tunu.

Nyuma ya uzio filimbi inalia, foleni inasogea hatua moja. Kanga imetulia.

Tunu, anasema Mwajabu. Tunu, itika.